Tonge la Bibi Mbele ya Foleni Nzima

Leo sina uso wa kutokea nje. Najua video imeshawafikia (asante sana Otieno, rafiki wa kweli), kwa hiyo afadhali mpate kisa chote kutoka kwa mwenye aibu yake.

Bibi yangu, mzaa mama, amekuja kututembelea kutoka Tanga. Ana wiki mbili hapa Walthamstow. Katika wiki hizo amekula wali wa mama, maharage ya mama na chapati za mama, na jana akauliza swali la haki kabisa: "Hivi hawa Waingereza wenyewe wanakula nini?"

Mama akanigeukia. "Shabani, kesho Jumamosi mpeleke bibi yako akaonje chakula cha wenyeji."

Mtu mwenye akili timamu angempeleka kula samaki na chipsi. Mimi akili ninazo, ila hizo timamu sina.

Tatizo ni mashindano. Mimi, Otieno na Asha, wote wa darasa moja, tumekubaliana kila mmoja amtege mtu wa nyumbani kwake kwa chakula, mubashara kwenye simu, wengine wawili wakitazama. Aliyetegwa akikunja uso, umeshinda. Asipokunja, unavaa kofia. Kofia ni ya mdogo wake Otieno, ana miaka sita. Ni ya pinki, ina manyoya, ina masikio ya sungura. Unaivaa Jumatatu kuanzia kituo cha basi hadi geti la shule, asubuhi, watu wote wakiwepo. Otieno alimpa baba yake chai ya chumvi, akashinda. Asha naye ameshashinda. Nilibaki mimi.

Basi nikampeleka Bibi duka la pai. Kama hamjawahi kuingia, ni duka la kizamani la watu wa huku mashariki ya London, vigae vyeupe ukutani kama bafuni, mabenchi ya mbao, meza za mawe. Wanauza pai ya nyama, viazi vya kuponda na mchuzi wa kijani kibichi ambao mara ya kwanza unadhani umemwagika kwa bahati mbaya. Na wanauza mkunga. Yule samaki mrefu kama nyoka. Wanamkata vipande, wanamchemsha, wanamwacha apoe mpaka mchuzi wake unaganda na kutetemeka, halafu wanakupa hivyo hivyo, baridi.

Mimi mwenyewe sijawahi kumgusa. Nikipita pale dirishani huwa naangalia upande wa pili.

"Pai ni ya nyama, na hatujui imechinjwaje," nikamwambia Bibi kwa sauti ya mtoto wa madrasa. "Tuchukue samaki."

"Wewe unamla huyo samaki, mume wangu?"

(Bibi huniita mume wangu, utani wa bibi na mjukuu. Nyumbani ni tamu. Shikilieni hapo.)

"Kila wiki, Bibi. Nampenda sana."

Kumbukeni sentensi hiyo. Hakuna aliyenilazimisha kuisema.

Nikaagiza bakuli la mkunga, Bibi akaenda kunawa mikono. Haraka nikaegemeza simu kwenye chupa ya siki, kamera ikitazama kiti chake, nikachomeka waya wa sikio ili wenzangu wasisikike. Otieno na Asha wakaingia. "Tuko tayari," Otieno akaninong'oneza sikioni. "Masikio ya sungura pia yako tayari."

Bibi akarudi, akaketi, akalitazama bakuli. Akalitikisa kidogo. Mkunga akatetemeka. Nikajua nimeshinda.

"Bismillah," akasema, akatia vidole.

Akatafuna. Akafumba macho. Nikasogea mbele nisikose hata kunyanzi moja.

"Mkunga huyu," akasema. "Wamempika vizuri. Ila maskini, wamemlaza bila pilipili."

Akafungua mkoba, akatoa ndimu alizonunua sokoni njiani, akaomba kisu, akakamua. Akaona chupa ya siki ya pilipili meza ya jirani, akaiomba kwa ishara, akamwagia. Kisha akala kama mtu aliyefika kwao. Miiba akaipanga ukingoni mwa bakuli, mmoja mmoja, safi kama imepigwa mswaki.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mjukuu mwenye busara angelikumbuka mapema. Bibi yangu amekaanga na kuuza samaki Tanga tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Nilikuwa nimempeleka samaki kumtisha muuza samaki.

"Pinki itakupendeza," Asha akasema sikioni.

Ningeishia hapo, ingekuwa kofia tu. Kofia ningeizoea. Lakini Bibi akaacha kula, akanitazama.

"Mbona wewe huli?"

"Nimeshiba, Bibi."

"Umeshiba nini, na tangu asubuhi umekunywa chai tu? Aa. Nimejua. Unampenda sana, halafu unaniachia mimi peke yangu." Macho yakamlegea kwa mapenzi. "Moyo gani huo, mume wangu. Njoo ukae huku, siwezi kumlisha mtu ng'ambo ya meza."

Mnaelewa msiba? Tonge la bibi halikataliwi. Unaweza kumkatalia mwalimu, unaweza kumkatalia polisi, lakini mkono wa bibi ukishanyanyuka na chakula, kazi yako ni kufungua mdomo. Nikazunguka meza. Waya ukachomoka kwenye simu. Sikujali, nilikuwa na mambo makubwa zaidi. Nikakaa kando yake, katikati kabisa ya kamera niliyoitega mwenyewe.

Akachagua kipande kinono. Mchuzi ulioganda ukaning'inia kwenye vidole vyake.

"Fungua mdomo."

"Bibi, watu wanatuangalia."

"Waache waone ndoa zinavyotunzwa. Fungua, mume wangu."

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Foleni ilifika mlangoni. Na katika foleni hiyo, kwa bahati yangu, alikuwepo mama mmoja wa Kenya aliyevaa sare ya nesi, na alikuwa anasikia kila neno.

"Shikamoo mama," akasema. "Naona bwana yako ni mkaidi."

"Marahaba mwanangu. Anaona haya tu."

Wazee wawili wa Kiingereza nyuma yake wakamuuliza kuna nini. Akawatafsiria. Kila kitu. Pamoja na neno mume. Foleni yote ikageuka.

Nikafungua mdomo.

Sitaki kumsema vibaya mkunga. Ana mashabiki wake. Ila alipoingia hakutulia. Aliteleza kulia nikamfukuza, akateleza kushoto, na ile siki ya pilipili ikapanda puani. Machozi yakanitoka. Uso wangu (mmeuona, sina haja ya kuueleza) ulijikunja kama shati lililolaliwa. Bibi akanishika kidevu mpaka nikameza.

Mama mwenye aproni nyuma ya kaunta akapaza sauti: "Jamani, mpeni mtoto maziwa."

Mtoto. Nina miaka kumi na tano.

Na hapo hapo simu ikaanza kucheka. Ule waya ulikuwa umechomoka, mnakumbuka. Bibi akainama kuichungulia.

"Na nyie ni kina nani?"

"Shikamoo Bibi!" wakaitikia wote wawili, wanafiki wakubwa. Na Otieno, aliyekula kwetu futari mwaka huu siku sijui ngapi, akamweleza mashindano yote, mwanzo hadi mwisho, kofia ikiwemo.

Bibi akajifuta vidole, kimoja kimoja. Nikajua sasa nafinywa mbele ya Waingereza.

"Kwa hiyo kama mimi sikukunja uso, yeye anavaa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na yeye aliyekunja je?"

Otieno akafikiri. "Hilo hatukulipangia, Bibi."

"Basi avae Jumatatu kwa ajili yangu, na Jumanne kwa ajili yake. Mume wangu ni mtu wa ahadi. Nitamsindikiza mwenyewe mpaka getini."

Halafu akaagiza bakuli la pili, akamkaribisha yule nesi wakala pamoja, nami nikabaki na glasi yangu ya maziwa.

Tafadhali msicheke. Na kama lazima, chekeni midomo ikiwa imefungwa. Mimi niliufungua wangu, mkaona kilichoingia.