Bwana Mifupa Wenu Ana Taya Langu

Kwa Mhariri,
Jarida la Familia,
Ukurasa wa "Shika Penseli".

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, tena umekaa, maana baadhi ya niliyoyaandika humu hayafai kusomwa umesimama.

Mimi ni mwalimu wa nidhamu katika shule ya sekondari. Kazi yangu ni kusimama getini asubuhi na kuwafanya vijana wajutie kuchelewa. Kazi hiyo haihitaji nguvu, inahitaji sura. Sura hiyo nilikuwa nayo mpaka mlipochapisha somo liitwalo "Mchore Bwana Mifupa: Katuni ya Kutisha kwa Wanaoanza".

Nyumbani kwangu anaishi mama mkwe wangu. Alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, mke wangu akamleta kwetu. Hospitalini walimpa kimpira cha kuminya ili mkono upate nguvu. Alikitazama kama mtu aliyepewa yai viza, akakiweka dirishani, kikakaa hapo. Alikuwa haongei. Alishinda kitini ameupa ukuta uso, na mimi nilisahihisha madaftari kwa raha zangu. Ndipo mke wangu, kwa ile nia yake njema ambayo imetuletea mengi katika ndoa hii, akanunua jarida lenu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmedanganya umma. Mliandika, "Hata asiyejua kushika penseli ataweza." Mama mkwe wangu alikuwa hawezi kushika penseli kwa maana halisi ya maneno hayo. Ilimdondoka, ikaviringika chini ya kabati, na mimi, mtu mzima mwenye cheo, nikawa wa kupiga magoti kuitafuta. Mkasema, "Anza na duara." Duara lake la kwanza lilikuwa kama kiazi kilichokanyagwa. Mtu mwenye adabu angekata tamaa hapo. Yeye aligeuza karatasi akaanza upya, na mimi nikarudi chini ya kabati.

2. Maelekezo yenu hayana kichwa wala miguu. "Mpe meno mengi, kisha mchekeshe ili atishe." Nimekuwa kwenye kazi ya kutisha kwa muda mrefu, Ndugu Mhariri, na sijaona mtu aliyetishwa na mwenzake anayecheka. Pua mmempa umbo la moyo uliopinduliwa. Mbavu zake ni ngazi ya fundi rangi. Kichwa kimekuwa kikubwa kuliko kiwiliwili, "ili apendeze". Ama atishe, ama apendeze. Amueni.

3. Katika hatua ya mwisho mkaandika, "Sasa mpe Bwana Mifupa wako kitu cha kumtambulisha." Nani aliwatuma? Nilikuwa nakunywa chai. Mama mkwe aliinua macho akanitazama kwa muda mrefu, kama fundi anayepima kitambaa, akainama akachora. Mimi ni mwembamba, sikatai. Taya langu limechongoka, sikatai pia. Lakini alimtia miwani yangu, akamfunga tai yangu, akamweka mikono nyuma kama ninavyoweka mimi. Mke wangu alipoona aliingia jikoni akafunga mlango. Nilisikia sufuria zikianguka. Alitoka anafuta machozi, akasema ni vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

"Mama," nikamwuliza mama mkwe kwa heshima zote, "huyu ni nani?"

"Ni wa jaridani, baba," akasema. "Mimi nafuata maelekezo tu."

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu aje kwetu, na aliitumia kunidhihaki.

4. Siku hizi anang'ang'ania kunifungia mwenyewe mkate wa kwenda nao kazini, kwa mkono ule ule. Nilifungua kifurushi mbele ya walimu wenzangu, na karatasi aliyofungia, yenye Bwana Mifupa wake, ikatandazika mezani. Mwalimu wa jiografia, mtu ambaye hajawahi kuona kitu bila kukitolea maoni, akauliza nilipiga picha lini. Ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia mkuu wa shule. Mkuu wetu hacheki. Alivaa miwani, akaitazama, akanitazama, akasema, "Aliyechora hapa amekuona vizuri sana." Kisha akaibandika ubaoni pembeni ya ratiba ya mitihani, mahali ambapo kila mwanafunzi lazima apite.

5. Matokeo yake getini ni aibu tupu. Kijana mmoja alichelewa. Nikamkazia macho yale ambayo zamani yalimfanya mtu akumbuke hata makosa ya mwaka jana. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, sogea kivulini, utachoka." Msichana wa nyuma yake akaniamkia vizuri, akauliza kama nimekula. Mnaelewa mlichokifanya? Nimekuwa mtu wa kuonewa huruma na watoro.

6. Nyumba yangu haikaliki. Amechora kwenye kalenda, kwenye mfuko wa unga, na kwenye insha za wanafunzi wangu. Mvivu mmoja alirudishiwa insha ikiwa na Bwana Mifupa anayelilia sarufi yake pembeni. Sasa anaandika kurasa nzima nzima bila kulazimishwa, na kazi ya kuzisoma ni yangu. Fundi baiskeli wa jirani amekuja kuomba achorewe yeye akiwa mifupa juu ya baiskeli. Akaja mkewe, akaja muuza mkaa. Ukumbi umegeuka kibanda cha kinyozi. Mama mkwe anawapanga, anawakemea wasitikisike, anawauliza habari za watoto wao. Anaongea mpaka jioni. Wiki iliyopita alitoka mwenyewe, akaenda taratibu kwa kushikashika ukuta hadi nyumba ya jirani, kuazima kifutio. Mke wangu alilia alipomwona njiani. Mimi sikulia. Kuna vumbi jingi mtaani kwetu.

Kwa hiyo nadai yafuatayo bila kuchelewa. Ukurasa wa "Shika Penseli" ufungwe. Mchoraji wenu awaombe radhi watu wote wembamba. Tangazeni katika toleo lijalo kwamba Bwana Mifupa amefariki. Najua tayari ni mifupa, lakini hilo ni tatizo lenu, tafuteni namna. Na kama ni lazima watu wafundishwe kuchora, wachore vikombe. Kikombe hakina taya.

Nisalimieni wapiga chapa, wasahihishaji, na mlinzi wa geti lenu, ambaye naamini bado anaheshimiwa. Mchoraji simsalimii. Mke wangu anawasalimu wote, na mama mkwe anamsalimu mchoraji peke yake.

Ni mimi, niliyeudhika kwa heshima,

Mwalimu wa Nidhamu

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimelazimika kuichana. Mama ameuliza nawaandikia nani, nikamwambia ukweli, naye amenipa swali niwafikishie. Ni kuhusu nyayo. Somo lenu lilimvika Bwana Mifupa viatu, jambo ambalo sisi tunaliona ni uvivu. Mama anasema unyayo wa mifupa uanze na pembetatu. Mimi nasema mstatili. Tumebishana tangu chakula cha mchana na hakuna aliyekubali kushindwa. Tazama michoro miwili niliyoambatanisha. Ule uliotulia ni wa Mama. Ule mwingine ni wangu, na naomba usichapishwe. Tafadhali mtujibu kwa ukamilifu, ikiwezekana kwa kurasa mbili, na lile dai la kifo liwekwe kando kwanza, maana tukimaliza nyayo Mama anataka kumtafutia Bwana Mifupa mchumba, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumchora bibi harusi.