Hebbar na Mizani ya Mistari

Sudhindra Hebbar alikuwa amesimama kwenye meza ya marumaru katika hoteli moja ya Jayanagar, jijini Bengaluru, dosa ya siagi, ile chapati nyembamba ya mchele, ikiwa mbele yake, kahawa ikipoa, alipomsikia mtu wa meza ya pili akilalamika. Watu wengi wakisikia malalamiko husogea kando. Hebbar alisogeza sahani yake karibu.

Mlalamikaji alikuwa Dinakar Alva, mwenye kampuni ya kutengeneza programu za maghala huko Koramangala. Alikuwa akimweleza rafiki yake kwamba mwaka mzima amewalipia wafanyakazi wake arobaini akili mnemba, ile inayoandika programu ukiiagiza kwa maneno tu, na sasa wenye hisa wamemuuliza swali moja dogo: kazi imeongezeka kasi kiasi gani? Alipowauliza wafanyakazi, nusu walisema inawasaidia. Nusu walisema inawachelewesha, maana inachoandika kwa dakika moja wao hukaa saa mbili wakitafuta ilipodanganya. Mwanamke mmoja wa makamo alimwambia waziwazi kwamba kazi ya programu haipimwi kama mchele.

"Kila kitu kinapimika," Alva alinung'unika. "Ni kwamba hawataki kupimwa."

Hebbar alifuta vidole polepole, kama mtu anayejiandaa kwa ibada. Katika miaka yake arobaini na minne alikuwa ameuza viwanja vilivyomo ndani ya ziwa, mafuta ya kuotesha nywele, na nafasi za masomo katika chuo kilichokuwa na lango tu. Biashara zote hizo zilimfundisha kwamba mwenye pesa na swali ni mteja, lakini mwenye pesa, swali, na jibu analotamani kulisikia ni zawadi kutoka mbinguni.

"Samahani, bosi," alisema. "Sikukusudia kusikiliza, ila umetaja kazi yangu. Mimi ni mpimaji."

"Unapima nini?"

"Hao wasiotaka kupimwa."

Dosa ya Hebbar ililipwa na Alva asubuhi ile, na ya pili pia.

Zilimchukua siku kumi kuutengeneza mtego. Hebbar hakujua kuandika hata mstari mmoja wa programu, lakini hilo halikumsumbua. Alikaa kwenye roshani ya shemeji yake akaiagiza akili mnemba imtengenezee chombo cha kupima kazi, chenye rangi ya kijani inayopanda na nyekundu inayoshuka. Ikamtengenezea. Alipoiuliza chombo kinapima nini hasa, ikamjibu bila kuficha kwamba kinahesabu mistari ambayo kila mtu ameandika. Basi. Hebbar akakiita Tula, yaani mizani kwa lugha ya wahenga wa kwao, akakitundika kwenye skrini kubwa ukumbini kwa Alva. Makubaliano yakawa laki ishirini za rupia, nusu ikilipwa siku ya kutundika na nusu mwisho wa mwezi, kazi ikionekana imeongezeka mara tatu.

Siku ya uzinduzi wafanyakazi waliketi wamekunja mikono. Yule mwanamke wa makamo alikuwa mstari wa mbele. Jina lake Vasundhara, na alikuwa akiandika programu tangu enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba na kuhitaji feni yake yenyewe.

"Inapima nini, kaka?" aliuliza.

"Mchango, dada."

"Mchango wa nini?"

"Mchango kwa ujumla."

Kicheko kilipita ukumbini kama upepo kwenye majani makavu. Vasundhara hakucheka. Aliuliza tena, kwa upole, ikiwa mtu mmoja ameandika mistari mia tano mibovu na mwingine mitatu mizuri, mizani inamwona nani? Hebbar alijibu kwamba Tula huona moyo wa kazi. Hata yeye aliona jibu hilo halina chumvi. Alijua palepale kwamba amepata adui, na adui mwenye subira ni gharama katika biashara yoyote.

Wiki ya kwanza ilimpa matokeo ambayo hakuyatarajia. Aliyeongoza ni jamaa mmoja aliyekuwa akimeza kila kilichotapikwa na akili mnemba bila kukisoma, yule ambaye mwezi uliopita programu yake ilipeleka malori matatu ya miavuli jangwani Rajasthan. Aliyekuwa mkiani ni Mushtaq, mtu mpole aliyekuwa hapo kwa miaka kumi na minane. Kazi ya Mushtaq ilikuwa kuingia katika programu za zamani na kuondoa takataka. Alikuwa akifuta zaidi kuliko alivyoandika. Tula ilimpa alama elfu mbili mia tatu chini ya sifuri.

Alva aliitazama skrini, akachukua kalamu, akaandika majina kumi na moja ya watu wa kuachishwa kazi mwisho wa mwezi. La Mushtaq likawa la kwanza.

Hebbar aliiona orodha hiyo ikiwa juu ya meza. Siku hiyohiyo mchana Mushtaq alikuwa amemkatia nusu ya biriani ya kutoka nyumbani, kwa kuwa mgeni alikuwa amekaa peke yake. Hebbar hakuwa mtu mbaya kiasi cha kufurahia jambo lile, wala mwema kiasi cha kulizuia. Alimwambia Alva kwamba pengine wiki moja ni mapema mno kuhukumu, kisha akaenda kunywa kahawa.

Jumatatu iliyofuata namba zilishikwa na wazimu. Vasundhara alipanda mara nne. Watu waliokuwa wekundu wakawa kijani, na walio kijani wakapasua dari. Mushtaq, wa elfu mbili chini ya sifuri, alikuwa wa pili katika kampuni nzima. Alva alisimama mbele ya skrini akiwa ameshika kifua kwa furaha. Aliichana orodha ya majina kumi na moja, akawapigia simu wenye hisa mmoja mmoja, na kabla ya chakula cha mchana Hebbar alikuwa na nusu yake ya pili mkononi, wiki mbili kabla ya wakati.

Hebbar hakuhitaji kuelezwa. Walikuwa wamegundua kwamba mizani inahesabu mistari, wakaiagiza akili mnemba iwaandikie mistari, nayo haichoki wala haiombi likizo. Alitabasamu peke yake, tabasamu la mjanja anapokutana barabarani na mjanja mwenzake. Walichofanya kilimfaa kabisa. Aliahidi mara tatu, nao wamemletea mara nne bila yeye kunyanyua kidole. Akapanga kuondoka Jumamosi.

Alhamisi Vasundhara aliingia katika chumba alichopewa, Mushtaq nyuma yake, akafunga mlango.

"Kaka Hebbar, tulikudharau," alisema. "Nimekuja kukuomba radhi."

Alimweleza kwamba tangu Tula itundikwe, wao wameanza kuitumia akili mnemba kwa dhati, tena nje ya saa za kazi, na wametengeneza kitu ambacho wasingethubutu kukijaribu zamani. Walikiita Garuda, kama yule ndege wa ngano za kale. Kilipanga safari za malori, lipi lipite wapi, lipakie nini, lisikae bure hata saa moja. Kampuni moja ya usafirishaji huko Hyderabad ilikuwa imetangaza kwamba inatafuta kitu cha namna hiyo na bei yake ilikuwa laki themanini. Tatizo ni Alva. Akiliona jina la mfanyakazi wake kwenye mauzo hayo, atadai ni mali yake. Walihitaji mtu wa nje, mwenye suti na ulimi.

"Tupe laki kumi na nane sasa," alisema, "Garuda iwe yako. Ukiuza, ni bahati yako."

"Kwa nini rahisi hivyo?"

Vasundhara alimtazama Mushtaq. Mushtaq, ambaye Hebbar hakuwahi kumsikia akisema maneno zaidi ya matano kwa mkupuo, alikohoa kidogo.

"Nina binti anaolewa mwezi ujao," alisema. "Laki themanini zitakazolipwa baada ya miezi sita hazipiki pilau ya harusi."

Hebbar hakuwa mtoto. Alitaka aione. Wakaifungua mbele yake: ramani ya nchi nzima, malori kumi na mawili madogo yakitembea juu yake, yakigeuka, yakikwepa foleni, yakifika. Ilipendeza mno. Aliipigia simu kampuni ya Hyderabad mwenyewe, kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, na huko wakamwambia kwamba tangazo ni la kweli, bei ni ya kweli, aje Jumatatu.

Bado aliona shaka. Basi walipotoka akafanya jambo ambalo baadaye hakupenda kuulizwa. Aliiweka Garuda juu ya Tula.

Namba ilipanda. Ilipita laki, ikapita milioni, ikasimama kwenye milioni moja na laki nne, kijani kibichi kama mpunga wa Agosti, na chini yake Tula ikaandika kwamba hiyo ni kazi ya watu mia mbili kwa miaka mitatu. Hebbar alijua vizuri Tula inapima nini. Ni yeye aliyeiuza. Lakini macho hayana adabu, na namba kubwa ina namna yake ya kumwingia mtu. Muuza hirizi naye, radi ikipiga karibu, huishika ile ya shingoni. Ijumaa alilipa laki kumi na nane, taslimu, akapeana nao mikono.

Alifika Hyderabad asubuhi ya Jumatatu akiwa na moyo mwepesi kiasi kwamba alipita soko la Laad na kumnunulia binti ya Mushtaq bangili dazeni moja za rangi ya zafarani. Alijishangaa. Huenda ile biriani ilikuwa bado tumboni.

Kampuni ilimkabidhi kwa mtaalamu wao, msichana mwembamba mwenye miwani aitwaye Swarupa. Swarupa aliyatazama malori yakitembea, akasema ni mazuri. Kisha akaiingizia Garuda malori yake mwenyewe, matano, ya Vijayawada. Kwenye ramani yakaendelea kutembea yaleyale kumi na mawili. Akaweka malori mia. Kumi na mawili. Akachomoa waya wa mtandao. Malori yakageuka, yakakwepa foleni, yakafika.

"Hii ni filamu," alisema.

Alianza kuisoma mistari. Alisoma kwa robo saa, akiinua nyusi polepole, kisha akawaita wenzake wawili waje kuona.

"Hapa kuna mistari laki tatu ya kujumlisha moja na mbili, moja na tatu, moja na nne," alisema, "mpaka moja na laki tatu. Kisha inaanza kutoa." Alishusha skrini kidogo. "Lakini imeandikwa vizuri. Sijaona kosa hata moja. Nani aliandika?"

Kwenye utambulisho wake wa asubuhi Hebbar alikuwa amesema, kwa sauti nzito, kwamba kila mstari ni jasho lake.

"Mimi," alisema.

"Pole," alisema Swarupa, na alimaanisha.

Aliketi kituo cha mabasi, kwenye benchi la saruji, akampigia Vasundhara. Alipokea mara ya kwanza simu ilipolia.

"Dada, mmenitapeli."

"Uliipima kabla hujanunua?"

"Niliipima."

"Mizani yako ikasemaje?"

Hebbar alihamishia simu sikio la pili.

"Basi ugomvi wako uko na mizani, kaka, si na mimi."

Alimweleza mengine bila hasira. Zile laki kumi na nane alikuwa amezipeleka mezani kwa Alva asubuhi hiyohiyo, na kumsimulia yote tangu mwanzo. Alva aliuliza jambo moja tu, kama wenye hisa wanajua. Vasundhara akamjibu kwamba wakikubaliana wasijue, basi na orodha za majina zisirudi tena. Skrini haikushushwa, kwani ilikuwa nzuri. Sasa ilikuwa ikionyesha kriketi. Mushtaq alikuwa amefuta mistari laki saba tangu afike kazini asubuhi hiyo, na programu ya maghala ilikuwa imeanza kupumua tena.

"Na harusi?" Hebbar aliuliza. "Ya binti yake?"

Kwa mara ya kwanza alisikia Vasundhara akisita.

"Mushtaq ana wavulana wawili," alisema. "Mkubwa yuko darasa la nne."

Hebbar alikitazama kifurushi kilichokuwa mapajani mwake. "Nimemnunulia bangili," alisema.

"Zitume," alisema Vasundhara, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Ana mke."

Hebbar aliahidi kuzituma kwa posta siku hiyohiyo. Kabla basi la Bengaluru halijaondoka, zile bangili zilikuwa zimeshauzwa kwa mama mmoja wa kiti cha nyuma, mara tatu ya bei. Hebbar alikuwa amemweleza, sauti ikitetemeka kidogo, kwamba ni za harusi ya binti iliyovunjika wiki hii hii. Katika biashara zake zote, hiyo ndiyo hadithi iliyokaribia ukweli kuliko zote, na hakuhitaji kuigiza machozi.