Salamu Zilizomeza Hoja Yangu

Jamani, leo nimejianika hadharani. Tena kwa maikrofoni!

Binti yangu Wambui yuko high school hapa magharibi ya Houston. Bodi ya shule inabishana kama sura ya mageuko ya viumbe iondolewe kwenye kitabu cha baiolojia. Wambui anaipenda sura hiyo kuliko chapati. Akanisihi: "Dad, you're a nurse. Waambie tu about the bacteria. Please."

Na kweli nilikuwa na la kusema. Wodini naona vijidudu vinavyobadilika hadi dawa iliyokuwa ikiviua haifui dafu tena. Mimi ni mtu wa kanisa, na jambo hili hunishangaza mno: Mungu aliviumbaje vikawa na ujanja huo? Nilitaka kusema tu, waacheni watoto wasome, maswali mengine tutaulizana nyumbani. Basi. Hata pumzi isingekatika.

Kwenye mkutano wa bodi, kila mzazi akapewa dakika moja. (Dakika moja! Kwetu hiyo ni ya kukohoa.)

Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Mimi ndiye MC wa harusi za Wakenya huku, maikrofoni ninaiogopea nini?

"Praise the Lord!" nikaanza.

Upande wa kushoto, wale wanaotaka sura iondolewe, wakalipuka: "Amen!" Wengine wakasimama kabisa. Nikanogewa. "And again!" Wakaitika tena.

Kisha itifaki. Nikamsalimu mwenyekiti, wanabodi, walimu, wazazi, hadi askari wa mlangoni. Nikafikisha salamu za mke wangu aliyekuwa zamuni kazini. Nikamwomba Wambui asimame awapungie mkono. Akateleza kitini hadi nikaona nywele tu.

"Now, without wasting time..."

Kengele ikalia. Maikrofoni ikazimwa. Nikajaribu kupaza sauti, "Bacteria...!" Askari akanishika kiwiko kwa upole na kunirudisha kitini.

Aliyefuata alikuwa bwana mmoja wa upande wa kushoto. Akanionyesha kwa mkono: "I agree completely with the gentleman from Africa."

Makofi! Mama mmoja akaja kunibandika kifuani stika ya kuipinga sura ile. Nami nikamwambia asante. (Malezi mema yataniua.)

Tukatoka. Roho iliniuma kweli, mtoto alinitegemea mimi. Kwenye gari nikamuuliza, "Wambui, kwani nilisema nini?"

"Nothing, Dad. Literally nothing. Na wakakubaliana na wewe."

Kura imesogezwa hadi mwezi ujao. Wambui ameshaomba nafasi azungumze mwenyewe. Nimejitolea kumwandikia utangulizi mfupi. Ameniambia siku hiyo nitamsubiri kwenye gari, madirisha yakiwa yamefungwa.