Injinia Murshid na Pampu Iliyokufa

Murshid wa Magomeni hakuwa injinia. Kadi zake ndizo zilizosema hivyo, na kwa kuwa alizichapisha mwenyewe, hakuona sababu ya kuzibishia. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea ukuta karibu na lifti za Tianxiu Dasha, jengo la wafanyabiashara mjini Guangzhou, akinusa wateja, alipomwona mama mmoja wa Lubumbashi amekumbatia kitu kizito kilichoviringishwa kitenge, akikibembeleza kama kichanga.

"Mama, mzigo huo unataka mwanamume," akasema, na tayari ameshaupokea.

Ndani mlikuwa na pampu ya oili ya lori. Mwenyewe aliitwa Kethia. Alikuwa na lori moja tu la kusomba mahindi, na taa yake ya oili ilikuwa haizimiki.

"Niko na mafundi wawili, papa," akalalamika. "Mmoja anasema pampu imekufa, ninunue nyingine. Mwingine anasema pampu ni nzima, kibovu ni kiswichi cha taa tu. Vraiment, sijui nimsikilize nani. Nimeileta wenye akili waitazame."

Mwenye akili akaizungusha kwa kidole. Ikazunguka laini. Akaigeuza, akaona mhuri wa kiwanda: pampu halisi, ya aina ambayo wauza vipuri wangeigombania hata ikiwa mtumba. Fundi wa pili ndiye aliyesema kweli! Basi Murshid, kama mwungwana yeyote, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Imekufa, mama. Ukiirudisha kwenye lori, na injini itaifuata kaburini."

Kethia akafumba macho. "Basi nitarudi nayo. Lori lilikuwa la baba. Itakuwa kumbukumbu."

"Urudi nayo?" Sauti ya Murshid ilipanda kuliko alivyokusudia. "Chuma kibovu, kwenye ndege? Niachie. Mimi nitakupa mpya."

"Mpya kwa maiti?"

"Huruma tu. Hata mama yangu ana lori." Mama yake alikuwa na cherehani.

Kethia akafikiri mpaka Murshid akaanza kutoka jasho. "Na kiswichi?"

"Na kiswichi."

"Na chakula? Nimetoka Kangle, ninakolala, tangu alfajiri."

Murshid akakubali kulipia vyote kutoka mfukoni mwake. Dukani, Kethia alizikataa pampu mbili kabla ya kuikubali ya tatu. Kila moja aliichungulia, akaitikisa, akaisikiliza sikioni. Murshid akajisemea kwamba wanawake ndivyo walivyo sokoni. Kisha akampeleka mkahawani, barabara ya Huanshi Zhonglu, akamwagizia wali na samaki. Mama akala samaki wawili.

Alipokwisha kupewa namba yake na kuagana naye, Murshid alikimbia na pampu ndani ya kitenge hadi kwa laoban mmoja mnunuzi wa vipuri. Bosi huyo akafungua bolti nne, akamulika kwa simu, akaangua kicheko. Meno ya gia yalikuwa yamelika kama ya bibi kizee. Ufa wa pembeni ulizibwa kwa gundi ya chuma, ukapigwa msasa. Ndani mlijazwa grisi tele, ndiyo maana mfu yule alizunguka kwa adabu.

"Bu yao!" akasema laoban, akimrudishia. Hata bure hakuitaka.

Murshid akampigia Kethia simu. "Mama, pampu yako imekufa!"

"Lakini papa, si uliniambia?" Kethia akajibu kwa upole. "Mimi nilikuwa bado na matumaini. Ni wewe uliyeyakata." Akakata.

Miaka sita Murshid alikuwa akiwalaghai watu Guangzhou. Hatimaye alikuwa amemwambia mteja ukweli mtupu, na mtu pekee ambaye hakuuamini alikuwa yeye mwenyewe.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, aliwasimulia wenzake kisa cha Mkenya mmoja, Wekesa, aliyeuziwa pampu mfu na mama wa Kikongo. Meza nzima ilicheka. Dullah, mmoja wao, akafuta machozi akasema mjinga kama huyo angependa sana kumwona kwa macho yake. Murshid naye akacheka, akacheka zaidi ya wote, na wali wake hakuumaliza.