Kengele Iliyokwenda Mtoni Yenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo mlangoni mwa maktaba. Jumamosi saa nne asubuhi, shindano la nyimbo za visa vya kale vya hapa kwetu. Mshindi atarekodiwa redioni. Nimelisoma mara nne. Nikarudi dukani, nikachonga ufunguo wa mteja kinyume.

Mshindani ni mmoja tu. Magitaa, jirani yetu, anayeitwa hivyo kwa kuwa hutembea na magitaa mawili, moja likikatika uzi ashike la pili. Mimi nina kichwa. Vina hunijia hata nikitafuta bisibisi. Ninachokosa ni kisa.

Jumanne, 4 Machi

Kisa kilikuwa humu humu nyumbani. Mama mkwe, anayekaa nasi tangu apasuliwe jicho, anavijua vyote. Amenipa cha mwanamke aliyekasirishwa na kilima kwa kuwa kiliziba jua, nguo zake hazikauki. Akajitwika kilima kichwani, akakitua ng'ambo ya mto, akarudi kuanua. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, kiimbe kama nilivyokupa. Usikitie mkono."

Nimekitia mkono kidogo. Mwanamke peke yake hatoshi kwa redio. Nimempa mume, fundi kufuli kama mimi, ambaye ndiye aliyetoa wazo. Kufikia jioni mume ana beti kumi na tisa, mke tatu. Mke wangu, akipiga pasi, akauliza huyo mume alikuwa wapi nguo zilipokuwa zinalowa. Kazi ya sanaa haijadiliwi kwenye pasi.

Jumatano, 5 Machi

Sikutulia asubuhi nzima. Nimefungua kufuli moja mara sita bila sababu. Inasemekana Magitaa anazunguka kwa wazee akitafuta kisa. Akikipata kizuri, nimekwisha.

Kwa hiyo nimpatie mimi. Kibaya.

Kinyozi wa mlango wa pili hawezi kutunza siri hata ukimshona midomo. Nikaketi anyoe ndevu. Shavu la kwanza lilipokwisha nilikuwa nimeshamtungia uongo mtupu: kengele ya zamani ilichoka kugongwa, ikashuka mnarani alfajiri moja, ikabingirika hadi mtoni, ikazama. Mpaka leo inamsubiri mtu wa kuiomba radhi kwanza, ndipo aigonge. Nikamsihi kinyozi asimwambie Magitaa, kwani nakitaka mwenyewe.

Mkutubi ana daftari la visa vyote vya mji huu. Kengele hataikuta humo. Magitaa ataumbuka mbele ya watu.

Alhamisi, 6 Machi

Mzee muuza magazeti amekuja kutengeneza kufuli ya kibanda chake. Akanisimulia kisa cha kengele. Nikasema sijawahi kukisikia. Akanionea huruma. Alisema bibi yake alimpeleka mtoni utotoni, wakatega sikio, na kengele ilivuma chini ya maji kila mvua ilipokaribia.

Hiyo ya mvua haikuwa yangu. Ni nzuri, lakini.

Ijumaa, 7 Machi

Mume amefikisha beti ishirini na sita. Nimemtoa mke kwenye ubeti wa mwisho, alikuwa anabana nafasi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimesimama. Kukaa siwezi.

Magitaa aliimba kwanza. Kibwagizo chake kiliisemea kengele: mlinigonga miaka yote, nani aliwahi kuniita? Muuza magazeti akajifuta macho kwa gazeti. Mkutubi alifungua daftari, nikajua sasa ndiyo sasa. Hakutafuta chochote. Alichukua kalamu, akaandika.

Nikasimama nikasema kisa hicho ni uongo. Mkutubi akaniuliza kwa upole nimejuaje. Nikasema nimekitunga mwenyewe Jumatano nikinyolewa. Watu wakacheka. Ndipo mama mkwe akainuka na bandeji yake jichoni, akasema habari za kengele ile alizisikia kabla hajaota meno. Kisha akanigeukia. "Baba, kaa. Unatuaibisha."

Zamu yangu ilipofika nilianza vizuri. Kwenye ubeti wa tisa mama mkwe akainuka tena, akauliza mwanamke wake yuko wapi. Nikasema anakuja. Akasema basi watu wamngojee nyumbani, akachukua mkoba akatoka. Nusu ya ukumbi ikamfuata. Kilima sikukifikia.

Magitaa anakwenda redioni Alhamisi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu alikuwa anakunja shuka. Akasema bila kuniangalia kwamba anajua kengele ni yangu. Nikamuuliza amejuaje. "Inanuna kama wewe," akasema. "Inaondoka bila kuaga, halafu inakaa mahali ikisubiri kubembelezwa." Akaongeza kwamba tangu anioe, yaani tangu nimuoe, sijawahi kutunga kitu kizuri kama kile.

Nikatoka uani. Nikauzunguka mti wa kuanikia nguo mara nyingi. Kitu bora nilichowahi kutunga, nimekitupa kwa mtu mwingine kwa makusudi, ili kimharibie. Nikarudi ndani. Nikaishika ncha ya pili ya shuka, tukamaliza kukunja. Nikamwambia kuanzia leo nitatunga kwa moyo safi, hila basi. Akasema vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Moyo safi ulidumu mpaka saa tatu. Mkutubi amebandika tangazo jipya: redio wanataka kujua ni mhunzi gani aliifua ile kengele, wamtaje kwa jina katika kipindi.

Nikaenda kunyolewa, ingawa hakuna cha kunyoa. Nikamnong'oneza kinyozi kwamba aliyeifua ni babu yangu, tena asimwambie mtu.

Saa nane mama mkwe amerudi kutoka kliniki ya macho akiwa amechangamka. Amekumbuka kila kitu. Kengele ilifuliwa na babu yake Magitaa, mtu mpole sana. Amepitia maktaba, ameshaandikisha.

Kinyozi huyu hafai, ni mzito wa kuvujisha siri. Kesho nitakwenda kwa yule wa mtaa wa juu.