Mjomba, Mlango Wako wa Kijani Umenitoa Hamu

Buyenzi, Novemba 1999

Kwa Mheshimiwa Mjomba Uthmani, mwenye garaji,

Assalaam alaykum. Najua tunaonana kila siku, wewe ukiwa chini ya gari na mimi ng'ambo ya njia nikikaanga sambusa. Lakini mambo haya nikikuambia kwa mdomo unanijibu "mm". Kwa hiyo nayaandika, kwa heshima zote, kama raia anavyomwandikia mkubwa.

Mjomba, mlango wako wa chuma sina hamu nao tena.

Wewe mwenyewe unajua nilivyoupenda. Mwaka ule vita vilipoharibu mitaa ya kaskazini ya mji, fundi wako Télesphore alitoka Gasenyi mbio, akapotezana na mkewe njiani. Akachukua chaki akaandika mlangoni: "Marguerite, mi niko hapa, niko muzima." Siku moja Marguerite akatokea na sufuria kichwani, akasoma, akakaa chini palepale kwenye mafuta machafu, akacheka mpaka tukaogopa. Tangu hapo kila mtu akawa anaandika: nani yuko wapi, nani amezaa, nani ametoka Mutakura anatafuta chumba. Hata aliyeandika kwamba sambusa zangu zimejaa hewa nilimjibu hapohapo chini yake, na watu wakaja kununua ili wahakikishe. Asubuhi nilikuwa nasoma mlango kabla sijawasha mkaa.

Sasa nieleze yaliyonitoa hamu.

1. Uliupaka rangi ya mafuta, ya kijani, na chaki haishiki tena. Nani alikuomba? Ulikuwa na kutu, sawa, lakini kutu yetu tulikwisha kuizoea.

2. Ukamweka Sébastien na brashi yake. Siku hizi hakuna anayeandika mwenyewe. Unamwambia Sébastien, naye anafikiri kwanza. Rafiki zake anawaandika usawa wa macho. Sisi wengine tunaandikwa chini karibu na mtaro, ambako wasomaji ni mbuzi. Nilipomuuliza akasema, "Mama, apana kukasirika, mi napanga kwa umuhimu." Salamu zangu za Idi aliziweka chini ya mtu aliyepoteza kofia.

3. Ukaleta matangazo ya biashara. Betri peke yake imekula nusu ya mlango, tena imechorewa miale kama jua. Nafasi ilipopungua, Sébastien akaanza kukata maneno ya watu, na hapo ndipo yalipomkuta Adija.

Mumewe, Djibril, alirudi kutoka Uvira amelowa mvua chapachapa. Akaomba aandikiwe: "Adija, mume wako amefika, amelowa. Mletee kanzu nyeupe, na ndugu zako waje wamsalimie." Sébastien, kwa kubana nafasi, akaandika: "Adija, mume wako. Leta nguo nyeupe na ndugu zako."

Adija alikuja na sanda. Nyuma yake dada zake, nyuma yao nusu ya mtaa, na kilio walikianzia msikitini. Djibril alikuwa uani kwako anakula maharage. Aliposikia watu wanalia akatoka, akashika kichwa, akalia nao. Baadaye ndipo akamuuliza mwenzake, "Nani amekufa?"

"Djibril, mume wa Adija."

"Maskini," akasema, "na ndiyo kwanza alikuwa amerudi."

Adija akaisikia sauti ile, akageuka, akamchapa na sanda yake mwenyewe mpaka kwenye kona. Tulicheka, Mjomba, sikatai. Lakini yule mwanamke hakupata usingizi wiki nzima, na Sébastien aliomba radhi kwa maandishi madogo, karibu na mtaro.

4. Tangu siku ile nazunguka kichochoro cha pili ili nisiuone mlango wako. Wala siko peke yangu. Jérémie wa matairi ameniambia anausoma tu wakati anangoja gundi ikauke.

Kwa hiyo naomba rangi ikwanguliwe. Ikishindikana, mlango ung'olewe, uje usimame kwangu, na garaji yako uifunge kwa pazia. Ninalo moja la maua, nitakuazima. Na ikiwa hutaki pazia, basi garaji ihame, mlango ubaki. Nimekwisha kuongea na mwenye kiwanja cha nyuma, hana kipingamizi.

Nisalimie shangazi Mwantum, na mafundi wote waliolala chini ya magari, kila mmoja kwa jina lake. Kwa mikono miwili na moyo mzito kidogo,

Mpwa wako,
Waridi

N.B. Mjomba, nilikuwa natafuta bahasha Sébastien akaja kunigongea. "Mama Waridi, njoo usome." Nikamwambia sisomi tena mlango ule. Akanishika mkono.

Yuko mtu ambaye humu ndani sikumtaja, kwa sababu huwa simtaji: Mohamadi, mdogo wangu. Tangu alipoondoka na wale waliokimbilia Tanzania, sijapata neno lake. Juzi dereva wa lori kutoka Kigoma aliacha ujumbe nikiwa sokoni, na mvua ya jana unaijua, chaki isingesalia. Lakini rangi iko palepale, usawa wa macho, tena Sébastien hakukata hata neno: "Waridi, ni mimi Mohamadi, niko kambini, niko muzima, nimeoa, narudi njia zikifunguka." Jina langu Sébastien amelikosea herufi. Nimemsamehe.

Rangi usiiguse. Barua sichani, kwa sababu nimeiandika vizuri, ila usitekeleze hata ombi moja. Na mwambie Sébastien aandike chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote: "Njoo na mkeo. Kitanda kipo."