Kichina kwa Mkono wa Omolo

Jumatatu, 1 Septemba

App imekamilika. Bado siamini. Mimi, Omolo, mwandika mabango wa Kawangware 56, ambaye nimeandika kila kinyozi na kila bucha hapa stegi ya matatu, nimeifundisha simu Kichina! Unachora herufi kwa kidole kwenye kioo. Ukikosea, sauti inasema "Rudia." Ukipata, inasema "Poa sana." Sauti ni yangu. Ramzy alitaka ya msichana. Nilikataa katakata.

Ramzy ni mshirika wangu, Mnubi wa Makina kule Kibera. Yeye hushughulikia mambo ya ndani ya simu yasiyoonekana. Mimi nimechora herufi zote nikizitazama kitabuni, na simu ikanakili mkono wangu ulivyokwenda, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Anayejifunza akienda tofauti na mkono wangu, amekosa. Ramzy aliuliza kama tusimwite kwanza Mwalimu Sabah atuonyeshe mstari upi hutangulia. Huyo ni binamu yake. Alisomea Uchina, na sasa anafundisha Kichina kwenye ukumbi mmoja hapo Makina.

Nikamwambia herufi ni herufi. Na tukimwita Sabah leo, kesho atataka jina lake likae juu ya langu.

Jumanne, 2 Septemba

Balaa. Nimempa dadangu Mitchelle aijaribu.

Mitchelle ndiye wa kwanza darasani kwa Sabah. Anasuka nywele saluni huku midomo ikitaja maneno ya Kichina, wateja wamezoea. Jumamosi kuna mtihani wa kuandika kwa mkono mbele ya mwalimu, na atakayeshinda anapelekwa Uchina kusoma mwaka mzima, nauli na chakula juu ya Wachina wenyewe. Mitchelle haongei kitu kingine siku hizi. Hata sweta ya baridi ya huko ameshatafuta.

Basi akashika simu. Rudia. Rudia. Rudia. Nilishtuka hadi nikakaa chini. Damu yangu mwenyewe! Kumbe zile sifa za mwalimu zote zilikuwa za kumfurahisha.

Nikamwangalia anavyofanya, nikashtuka zaidi. Chukua herufi ya "nchi". Ni sanduku lenye vistari ndani. Mitchelle anachora upande wa kushoto, juu, kulia, halafu anaacha chini wazi, anaingia kujaza ndani, ndipo anarudi kufunga. Nani hufanya kazi hivyo? Bango lolote ni fremu kwanza. Fremu ikishafungwa unajua nafasi yako, unajaza. Mwanafunzi wa wiki moja analijua hilo.

Akasema ndivyo Mwalimu Sabah alivyowafunza. Nikamwambia mwalimu ana cheti lakini hajawahi kushika brashi. Akaniuliza, Omosh, uko sure? Nikamuuliza ni lini nimewahi kumpotosha. Akaanza kukunja vidole kimoja kimoja. Nadhani alikuwa anahesabu. Mwishowe akachukua simu, akaanza upya kwa fremu.

Alhamisi, 4 Septemba

"Poa sana" nyumba nzima, asubuhi hadi jioni. Mitchelle sasa hakosi hata moja. Mkono umenyooka, sanduku linafungwa kwanza bila kusita. Anasema ilikuwa vigumu kusahau ule mtindo wa zamani. Nilimpongeza kwa kusahau.

Ramzy amepiga simu akiwa na wasiwasi. Ati amechungulia darasa la Sabah dirishani na ameona kila mwanafunzi anafunga sanduku mwisho. Nilimsikiliza kwa huruma. Damu ni nzito kuliko maji, ameshaanza kuvutwa na binamu yake. Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikakata simu.

Mchana nikapata wazo kubwa. Waithaka mwenye duka la hadwea ana ukuta mtupu unaotazama stegi. Nimemwahidi kumpakia geti rangi, naye amenipa ukuta. Nimeandika kwa nyekundu, kivuli cheusi, herufi za kimo cha mtu: APP YA OMOLO ILIYOMPELEKA MITCHELLE UCHINA. Waithaka akauliza kwani ameshaenda. Nikamwambia rangi huchukua muda kukauka, na mpaka ikauke atakuwa ameshaenda.

Jumamosi, 6 Septemba

Sina hata nguvu za kuandika. Nitaandika.

Nilikwenda Makina nimevaa koti. Ukumbi ulijaa. Mitchelle akaitwa ubaoni wa kwanza, akatabasamu kwangu. Mwalimu Sabah akamtajia "nchi". Mitchelle akachora sanduku, akalifunga vizuri, fremu safi kabisa, hata mimi ningeitia sahihi. Kisha akaanza kujaza ndani.

Sabah akamsimamisha. Akauliza kwa upole, sasa hawa watu watapitia wapi? Akasema ndiyo sheria aliyowafunza siku ya kwanza: watu huingia nyumbani kwanza, ndipo mlango hufungwa. Mitchelle amefunga mlango na watu wako nje. Darasa likacheka. Akatajiwa herufi nyingine, na nyingine. Zote zilizo na sanduku, alifunga mlango kwanza. Mkono ulikuwa umeshazoea, haukumsikiliza tena.

Sabah akaweka kalamu chini, akauliza nani amemfunza hivi. Mitchelle akatazama sakafu. Hakunitaja. Nikaona mtoto anatiwa aibu bure, nikasimama na kusema ni mimi, na kwamba huko Congo, mtaa wetu wa Kawangware, tunazungusha mabati kwanza, watu baadaye, na hakuna aliyewahi kulala nje. Ramzy akafunika uso kwa mikono.

Mwalimu akanitazama kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Kisha akamwambia Mitchelle kwamba kwa mkono huu hawezi kumpeleka popote, lakini mkono wake wa mwezi uliopita anaujua. Amempa hadi Ijumaa aurudishe. Asipoweza, nafasi ni ya msichana mwingine.

Njiani kurudi Mitchelle alitembea mbele yangu. Nilipoongeza mwendo, aliongeza.

Jumapili, 7 Septemba

Mitchelle amefuta app kwenye simu yake mbele ya macho yangu. Ilimchukua muda kuona pa kubonyeza kwa sababu ya machozi. Sijawahi kuona mteja mbaya hivyo, lakini sikusema.

Baadaye alikuwa anapika chapati. Akatandaza unga juu ya meza, akawa anaandika kwa kidole. Pande tatu, watu ndani, mlango. Anafuta, anaanza tena. Mara nyingine kidole kinakimbilia kufunga kabla ya wakati, naye anakipiga kwa mkono mwingine. Nikasogea nimsaidie. Akafuta unga wote kwa kiganja na kusubiri niondoke.

Hilo liliniuma. Naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Tangu mama arudi Siaya ni mimi na yeye tu, na hajawahi kunifutia kitu.

Nimekwenda kwa ukuta wa Waithaka na kopo dogo. Nimeongeza alama ya kuuliza mwishoni.

Jumanne, 9 Septemba

Usaliti! Nimefika kwa kina Ramzy nikamkuta sebuleni na Sabah, simu katikati, sahani ya mahamri kando. Sabah amechora herufi zote upya. Zote! Michoro yangu yote imetupwa. Kilichobaki ni sauti.

Mamake Ramzy, Mama Mabruka, akanikaribisha mahamri. Ramzy akanipa simu, akaniambia jaribu, Omosh. Nikachora "nchi", fremu kwanza, kama fundi.

"Rudia," nikajiambia.

Sauti yangu! Kwangu mimi! Nikachora tena, polepole, kwa heshima. "Rudia." Ramzy alicheka hadi akashuka kwenye kiti. Sabah alijifanya anakohoa. Nikawaambia wameiharibu app, haimtambui tena hata baba yake. Nikala mahamri yote kwa hasira na kuondoka.

Ijumaa, 12 Septemba

Mitchelle amepita! Nimeshtuka kuliko siku zote, na safari hii kwa uzuri.

Nilisimama mlangoni tu, Sabah aliomba nisiingie. Nilimwona Mitchelle akishika kalamu. Pande tatu. Akasimama kidogo, na nilijua kidole kinataka kukimbilia mlango. Akakizuia. Watu wakaingia, wote, mmoja mmoja. Ndipo akafunga. Kila herufi hivyo hivyo. Sabah hakusubiri ya mwisho, alianza kupiga makofi. Mitchelle anaondoka mwezi ujao.

Akatoka nje, akanipita, akarudi, akanikumbatia akilia. Ndiyo mara ya kwanza kuongea nami tangu Jumamosi. Akasema baada ya niliyomtendea hatakosea mpangilio wa mistari maisha yake yote, na kwamba ningekuwa mtu mwingine asingenisamehe.

Nikaelewa papo hapo. App imefanya kazi! Nimeenda moja kwa moja kwa Waithaka, nikageuza alama ya kuuliza kuwa ya mshangao. Imekaa vizuri sana.

Na bahati haiji peke yake. Mama Mabruka analalamika kwamba wajukuu zake wanaandika Kiarabu vibaya, ustadh wa madrasa amechoka nao. Nimemwambia aniachie mimi. Ramzy akauliza kama tusianze kwa kumwona ustadh atuonyeshe. Atuonyeshe nini? Herufi ni herufi. Nimeshakaa chini na simu, na nimechora maneno ya kwanza kwa mkono huu huu, nikianzia kushoto kwenda kulia, kama bango lingine lolote.